Wimbo Uliokataa Kuanza

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusimama mlangoni na kuwauliza watu wameonaje. Mpishi mwenye akili hafanyi hivyo. Anaangalia kilichobaki kwenye sahani, anajua, ananyamaza. Mimi nilisimama pale Jumapili baada ya Jumapili, nimevaa shati jeupe nililolipiga pasi asubuhi na kulirudia mchana, nikimkamata kila anayetoka: umeonaje, sema ukweli tu, sitakasirika. Hapo kwenye kukasirika nilikuwa naongopa. Na watu wa Likasi ukiwaomba ukweli wanakupimia, kisha wanakuongezea kiganja juu kama muuza unga.

Nazungumzia bwati yetu ya Kikula. Bwati ndilo jina tunaloipa nyumba ya kunywa na kucheza muziki usiku, ila yetu ilifanya kazi mchana. Haukuwa ubunifu wa mtu. Mtaa wetu siku ya Jumapili hupata umeme baada ya chakula cha mchana na hunyang'anywa jua likianza kuzama, na mwenye nyumba alikuwa amekataa hata kusikia neno jenereta. Basi tuliziba madirisha kwa maboksi na plastiki nyeusi, tukawasha taa za rangi, tukafungua bwati ya usiku saa nane mchana. Ndani kulikuwa na giza zuri kabisa, giza la mji mkubwa. Nje, akina mama walikuwa wanaanua nguo.

Shida ilikuwa kutoka. Mtu anasukuma mlango akinuka bia, macho yamekunjamana kwa mwanga, anakutana uso kwa uso na mama mkwe wake anayerudi kanisani, Biblia kwapani.

"Unatoka wapi, mukwe?"

Jua likiwa bado juu, swali hilo halina jibu zuri. Wateja kadhaa tuliwapoteza kwa njia hiyo, na nakiri kwamba nilifarijika. Angalau hao hawakuondoka kwa sababu yangu.

Nyumba ilikuwa ya mdogo wake mama, ambaye sote tunamwita Tantine. Mume wake alipokuwa hai alihifadhi mifuko ya saruji humo, na mpaka leo besi ikishuka sana vumbi la kijivu hutoka kwenye nyufa za sakafu na kutua juu ya bilauri za watu. Baadhi ya wateja walidhani ni ule moshi wa kupamba jukwaa wanaouona kwenye video. Sikuwasahihisha.

Tantine nilimshawishi kwa uongo. Nilimwambia kwamba Lubumbashi vijana wanapanga foleni kwa ajili ya muziki wa elektroniki, muziki unaotengenezwa kwa kompyuta, bila mwimbaji wala gitaa. Sikuwa nimeona foleni yoyote. Nilichokuwa nimeona ni video, kwenye simu, nikizitazama kwa ubora wa chini kabisa ili megabaiti zisiishe, hivi kwamba mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mtu asiye na uso, miraba mitupu, anayesogeza mikono juu ya meza. Mengine yote nilijifunza peke yangu, chumbani, masikio yamefunikwa. Mtu anayejifunza peke yake ana ugonjwa wake: hana wa kumwambia basi, inatosha.

Jambo lililonigharimu zaidi lilikuwa kuunganisha nyimbo. Unachukua wimbo unaokwisha na wimbo unaokuja, unalinganisha mwendo wao, unauingiza mmoja chini ya mwingine taratibu, besi ya huu ikiondoka besi ya ule ikiingia, mpaka msikilizaji asijue alivukia wapi. Anayeliweza hilo anapiga muziki tangu saa nane mpaka umeme uondoke bila pengo hata la kumeza mate. Mimi niliweza. Nilipokosea kidogo, kwa unene wa kope, nilikosa usingizi mpaka Jumatano, na Jumatano nilianza kuogopa Jumapili.

Sasa, nyumba ile ilikuwa imependwa na mtu mwingine pia. Mchungaji mmoja wa kanisa la uamsho, ambaye waumini wake walisali chini ya maturubai na kunyeshewa tangu mvua zilipoanza, alikuwa tayari kuipanga hata kesho. Tantine ni Mkatoliki wa benchi la mbele na hakuwa na haraka ya kukabidhi nyumba ya marehemu kwa watu wanaopiga kelele wakisali. Lakini hakuwa kipofu.

"Bantu yako banaikala," aliniambia siku moja akichambua mchele. "Nimeona na macho yangu. Banaikala tu, sawa ku kilio."

Kilio huku kwetu ni zile siku za msiba ambapo watu hukaa uani kwa wafiwa, kwenye viti vya plastiki, mikono magotini. Na viti vyetu tulikuwa tumevikodi kwa mtu anayekodisha viti vya misiba, kwa hiyo Tantine hakuwa mbali.

"Banasikiliza, Tantine."

"Kusikiliza ni ya misa. Ku bwati bantu banacheza. Sikiya, mutoto. Mpaka Pasaka. Kama habasimami, napatia pasteur nyumba, na weye unarudia ku chumba yako na bile bintu yako ya masikio."

Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Nilikuwa na mvua zilizobaki kuwainua watu kwenye viti. Mtu jasiri angepiga muziki. Mimi nilikwenda kusimama mlangoni.

Wa kwanza kunijibu alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kiwandani, mwenye koti zito asilolivua hata joto likipasua bati. Alikaa Jumapili zote chini ya spika ya kushoto.

"Papa, umeonaje?"

"Ni konkaseri."

Konkaseri ni ile mashine kubwa ya kupondea mawe ya madini. Mzee alikuwa amefanya kazi pembeni yake mpaka sikio moja likafa.

"Ni ile ile," alisema. "Hata mwendo ni ule ule. Lakini ile ya kazi, mutoto yangu, ku midi, saa ya chakula, ilikuwa inasimama."

"Lakini papa unarudi kila Jumapili."

"Sasa niende wapi? Ku nyumba kuko muke yangu."

Wa pili alikuwa mnunuzi wa madini, mtu anayenunua mawe ya shaba kwa wachimbaji wadogo na kuyauza kwa wakubwa. Alivaa mkanda wenye kichwa cha simba na alitembea na vijana wawili ambao kazi yao, kwa kadiri nilivyoelewa, ilikuwa kumshikia simu. Huyo hakungoja nimuulize.

"Petit, ni muziki gani hii haijui jina yangu?"

Hapa inabidi nieleze. Katika nyimbo zetu mwimbaji hutaja majina ya wakubwa waliomfadhili, na kitendo hicho tunakiita kutupa libanga, yaani kumtupia mtu jiwe. Mkubwa asiyetupiwa jiwe ni kama hayupo ukumbini. Muziki wangu haukuwa na mwimbaji, kwa hiyo haukuwa na wakubwa.

"Minye nanunua mawe wiki nzima," alisema. "Siku ya dimanche, na weye unitupie moja. Ni mingi?"

Wa tatu alikuwa dada mmoja aliyewahi kukaa Lubumbashi, kwa muda gani hakuna aliyejua, lakini ulitosha. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, mkoba begani, kama mtu anayengoja gari.

"Franchement? Ukweli?" alisema. "Ku Lubumbashi hii ilikwisha."

"Ilikwisha lini, yaya?" niliuliza; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Zamani."

"Na sasa banapiga nini?"

Alifikiri. "Bintu," alisema, akaenda zake.

Bintu, yaani vitu! Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Nilitafuta kwenye simu kama kuna aina ya muziki yenye jina hilo. Nasema haya kwa aibu, lakini nimeahidi kusema.

Na walikuwepo washonaji wawili, wanawake wa umri wa dada zangu wakubwa, wenye meza yao ya cherehani karibu na soko. Walikuja pamoja, walikaa pamoja mstari wa pili, viatu wamevua na kuviweka chini ya viti, na kila nilipowauliza mmoja wao, yule mnene mwenye sauti, alijibu maneno yale yale: "Iko muzuri. Tutarudia." Mwenzake alitikisa kichwa kuunga mkono. Hao ndio walioniumiza kuliko wote. Niliamini ni adabu tu, na mtu anapokuonea huruma hadi akuoneshe adabu, umekwisha.

Kitu kimoja tu walikubaliana wote, kuanzia mzee mpaka dada wa Lubumbashi: samaki. Jirani mmoja alikuwa akichoma samaki wa ziwa Tshangalele nje ya lango letu, na sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba samaki huyo alikwisha zamani.

Mtu mwingine angecheka akaendelea. Mimi nilirudi chumbani kusahihisha. Nilikuwa na imani, sijui niliitoa wapi, kwamba kuna namna moja ya kupiga ambayo watu wote hao wangeipenda, na kwamba kutoijua ni uvivu wangu.

Kwa ajili ya mzee nilipunguza besi. Jumapili hiyo watu watatu walikuja mezani kwangu kuniuliza kama spika zinaumwa, na mzee mwenyewe alisema sasa ni konkaseri iliyokosa mawe, jambo ambalo kazini lilikuwa la hatari. Kwa ajili ya dada wa Lubumbashi niliongeza mwendo. Alisema sasa ni kama ilivyokwisha Kolwezi.

Kwa ajili ya mnunuzi nilifanya jambo la kijinga zaidi. Nilirekodi jina lake kwenye simu kwa sauti yangu mwenyewe, nikalipitisha kwenye kompyuta ili lilingane na mapigo. Mashine ililikata, ikalivuta, ikalirudiarudia, na lilipotoka kwenye spika lilisikika kama mbuzi anayepiga kelele ndani ya pipa. Lakini lilieleweka. Watu wakageuka. Huku kwetu jina la mtu likitangazwa kwenye spika mfululizo bila wimbo, maana yake ni moja, na mabibi wawili wa mstari wa nyuma waliinuka wakamwendea mnunuzi kwa heshima kumuuliza anagombea kiti gani na fulana ziko wapi. Nilitaka sakafu inimeze. Yeye hakukasirika hata kidogo. Aliwapa mikono. Nasikia mpaka leo anafikiria kugombea.

Na watu waliendelea kukaa. Hilo ndilo lililokuwa likinila. Hawakuondoka, hawakupiga miluzi, hawakunirushia kifuniko cha chupa. Walikaa wakinitazama kwa uvumilivu, wengine wakitikisa mguu mmoja kidogo, mpaka umeme ulipokatika, wakajikusanya wakaenda. Chuki ningeielewa. Uvumilivu ule sikuuelewa.

Katikati ya Kwaresima mchungaji mwenyewe alikuja. Alikuja muziki ukiwa unaendelea, suti ya bluu, viatu vinang'aa, akapita katikati ya viti akipima sakafu kwa hatua, midomo ikimtembea. Watu walivuta miguu kumpisha. Alipofika kwenye meza yangu alisimama, akaweka kiganja juu ya spika kama anayempima mtoto homa.

"Nani alifunga hii sono, hii mashini ya muziki?"

"Ni minye, pasteur."

"Iko bien. Haikwaruzi."

Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na hilo lilinitia hasira. "Pasteur haoni zambi?" nilimuuliza, nikitumaini ataiona.

"Zambi inaikala mu maneno, mutoto yangu. Hii haina maneno. Sasa zambi itaikala fasi gani?" Alitazama huku na huku, akagonga meza yangu kwa kidole. "Njo hapa, hapa hapa, altari itakuwa."

Fikiria hali yangu. Katika mji mzima mtu mmoja tu alikuwa ameutetea muziki wangu kwa hoja, na alikuwa amekuja kuutoa.

Ikabaki Jumapili moja kabla ya Matawi, na ya Matawi yenyewe. Baada ya hapo ni Pasaka, na Tantine hakuwa mtu wa kubadilisha neno. Jumapili ile nilipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu sijisifu kamwe, ni tatizo jingine. Hakuna pengo, hakuna kosa, nyimbo ziliingiana kama maji kwenye maji. Watu walikaa. Umeme ulikatika. Nilikwenda mlangoni na yule mshonaji mnene alipofika sikumwacha hata afungue mdomo.

"Iko muzuri, tutarudia, najua," nilisema. "Lakini kama iko muzuri, yaya, mbona hamuchezi?"

Alinitazama kama nimemuuliza mbona hajala kabla ya chakula kuiva.

"Hauyafika ku sebene," alisema.

"Sebene gani?"

"Sebene! Shiye tunangojea. Weye unaanza, unaanza, unaanza. Kila dimanche, paka kuanza tu. Kisha moto ya taa inaenda, tunarudia ku nyumba."

"Minye nilisema labda ku Pasaka atafika," alisema mwenzake, kwa upole. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake.

Kwa msomaji wa mbali: wimbo wetu wa kucheza una nusu mbili. Ya kwanza ni ya sauti; waimbaji wanalalamika kuhusu mapenzi, nawe unakaa, unakunywa, unasikiliza. Kisha waimbaji wananyamaza, gitaa zinakimbia, na hiyo ndiyo sebene. Hapo ndipo watu wanasimama. Kusimama mapema ni dalili kwamba umelewa, au u mtoto, au hukulelewa. Kila mtu anajua hivyo. Mimi nimezaliwa humo, nimebatizwa humo, babu yangu alizikwa kwa sebene, na nilikuwa nimeisahau kama mtu anavyosahau kwamba ana pua.

Nikaona yote kwa pamoja. Nyimbo zangu zote, zile nilizozishona moja kwa nyingine nisilale, kwao hazikuwa nyimbo nyingi. Zilikuwa wimbo mmoja tangu saa nane mpaka jioni, nusu ya kwanza peke yake, na hata kwenye nusu hiyo mwimbaji alikuwa hajafika. Walikuwa wamekaa miezi wakimngoja mtu aliyekataa kuanza.

"Na mbona hamukuniambia?" Nadhani nilikuwa karibu kulia.

"Muntu anakata mwimbo ya mwenzake?" alisema mshonaji mnene. "Tulisema, ule mutoto introduction yake iko murefu, tumuheshimie." Kisha akainua kidole. "Ni sawa nguo. Mushono hauonekani, sawa, muzuri. Lakini weye unashona kila fasi! Sasa kichwa itapita wapi?"

Alifurahishwa sana na mfano wake. Aliurudia kwa mzee, kwa muuza samaki, na kwa watu waliokuwa wakipita barabarani bila kutuuliza lolote.

Wiki hiyo nilijaribu kutengeneza sebene. Nilitafuta gitaa, nikazikata, nikazipanga, nikazifuta. Kila nilichotengeneza kilisikika kama tangazo la sabuni. Usiku wa kuamkia Matawi sikuwa na kitu kipya hata kimoja.

Siku ya Matawi nyumba ilijaa. Wengi walikuja moja kwa moja kutoka misani na matawi yao mkononi, wakayaegesha chini ya viti, na chumba kikanuka majani mabichi na saruji. Tantine alikaa karibu na mlango, mkoba magotini. Mchungaji alikuwa kando yake na kijana mwenye tepu ya kupimia, maana sasa ilikuwa kazi kamili. Nilipiga. Walikaa. Mistari na mistari ya watu wenye adabu, wakinitazama. Jua lilikuwa linashuka nje ya plastiki nyeusi, na nilijua umeme hautangoja.

Sikuamua. Ningependa kuandika kwamba niliamua. Mkono wangu ulishusha kila kitu, na chumba kikanyamaza katikati ya wimbo.

Mtu asiye na ugonjwa wangu hawezi kujua kimya kile kilikuwa nini. Nilisikia samaki wakichirizika mafuta nje. Nilisikia tepu ya mchungaji ikijirudisha ndani ya kibati chake. Watu walitazama taa, wakaona zinawaka, wakanitazama mimi. Mtu mmoja alianza kutafuta mkoba wake. Nikashika mikro ya kuzungumzia, ambayo sikuwahi kuitumia ila kuijaribu, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtoto anayekariri siku ya komunio.

"Sasa," nilisema. "Sasa ni sebene."

Viti vilisukumwa nyuma vyote kwa pamoja. Nikarudisha wimbo ule ule, pale pale nilipoukatia. Sikuongeza gitaa. Sikuongeza mwendo. Sikubadilisha hata sauti moja.

Mzee alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akaanza kucheza kwa viwiko kama mtu anayefungua koki ya bomba kubwa. Mnunuzi aliwanyang'anya vijana wake simu zote akazishika mwenyewe, ili wawe huru. Dada wa Lubumbashi alicheza akitazama dari, labda ili asionekane na mtu wa Lubumbashi. Washonaji walicheza peku wakipunga matawi, na yule mnene alinipigia kelele, "Ee, umefika! Umefika, mutoto!" Vumbi la saruji lilipanda mpaka kwenye taa. Mchungaji alinaswa katikati na tepu yake, suti ya bluu ikigeuka kijivu, akiomba njia kwa heshima na kupewa tawi.

Na mimi? Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha nilikasirika. Kumbe ilikuwa neno! Miezi ile yote, makosa yale yote ya unene wa kope, na walichokuwa wakihitaji ni mtu awape ruhusa. Muziki ulipokuwa kamili walikaa, nilipouharibu wakasimama. Nilipiga mpaka umeme ukakatika, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikatapika karibu na choo. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu.

Nilipozunguka mbele walikuwa wananingoja, na safari hii sikuuliza.

"Njo hii!" alisema mnunuzi. "Leo ulibadilisha mashini."

"Sikubadilisha kitu, mukubwa. Ni ile ile."

"Usinidanganye. Minye najua mashini."

"Alitia mafuta," alisema mzee, koti begani. "Inasikilika. Konkaseri iko na mafuta."

Dada wa Lubumbashi alisema kwamba sasa angalau mtu anaweza kuzungumza. Nikamwambia naye kwamba wimbo ni ule ule aliousema umekwisha. Alinihurumia. "Hapana," alisema. "Ule ulikwisha." Hakuna hata mmoja aliyeniamini. Nimewahi kudanganya katika mji huu na nikaaminiwa. Siku niliposema ukweli walinicheka.

Mlangoni, mchungaji alikuwa akijipangusa mabega.

"Pasteur, umeona," alisema Tantine.

"Nimeona, mama."

"Sasa nifanye namna gani? Nitoshe inje bantu benye kucheza, niweke bantu benye kucheza?"

"Bangu banacheza juu ya Bwana, mama."

"Najua. Lakini bako habakunywi." Tantine alifunga mkoba wake. "Utafute fasi ingine, pasteur. Na Mungu akusaidie, ile fasi isikuwe ya muziki."

Mchungaji alicheka, kwa kuwa ni mtu mwema, akaniuliza kama angeweza kuazima spika kwa ibada ya Pasaka. Nilimpelekea mwenyewe. Waumini wake walicheza tangu wimbo wa kwanza, bila kungoja chochote, na nilisimama nyuma ya spika zangu nikiona wivu.

Bwati ipo mpaka leo, nyumba ni ile ile, madirisha yamezibwa vile vile. Kila Jumapili napiga nusu ya kwanza, nanyamaza, nasema neno moja kwenye mikro, na watu wanasimama. Muziki usio na mshono siupigi tena mbele ya watu.